Nkongolo Kazadi Wawili, Nafasi Moja

Siku alipomwagiwa poda kichwani, Clémentine alikuwa katikati ya kuchapa barua ya mtu mwingine. Mteja wake alikuwa akiomba kazi ya ulinzi kwenye kampuni ya barabara, na vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye "kwa heshima kubwa naja mbele yenu," mara mlango wa kibanda ukajaa watu. Aliyetangulia alikuwa jirani yake, muuza sukari, simu ameinua juu.

"Namba saba! Angalia mwenyewe! Nkongolo Kazadi! Njo weye!"

Picha ya orodha ilikuwa imepigwa mbio mbio, ukingo wake mmoja umekatika, lakini mstari wa saba ulisomeka bila shida: Nkongolo Kazadi. Clémentine hakulia wala hakucheka. Alisimama, akaketi, akasimama tena, akamwuliza mteja wake kama anataka nakala mbili au tatu. Hapo mtu akafungua kopo la poda ya watoto na kummwagia lote, kama wanavyomfanyia kila aliyefaulu mtihani, na wanawake wa soko dogo la karibu na stesheni wakaingia na nyimbo. Mashine ya fotokopi ikawa nyeupe. Mteja wa watu akatoka na barua isiyo na sahihi.

Jina kamili la mama huyu ni Nkongolo Kazadi Clémentine. Ana miaka thelathini na sita, mke wa Muteba fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Kwa miaka minane amekuwa na kibanda chake Sobongo, kando ya barabara iendayo stesheni: kompyuta moja, mashine ya fotokopi moja, na paneli ya jua juu ya bati. Kazi yake ni kuwachapia watu maombi ya kazi. Hupenda kusema kwamba nusu ya makarani wa Kamina waliingia kazini kwa vidole vyake. Yeye mwenyewe alikuwa na diploma ya utawala na alikuwa ameshafanya konkuru, mtihani wa kugombea kazi za serikali, mara mbili. Mara ya kwanza jina lake halikuonekana kwenye orodha. Mara ya pili orodha yenyewe haikuonekana.

Ni mtu asiyetulia. Akila, husimama kati ya tonge na tonge kwenda kuangalia kitu dirishani. Kanisani huhama viti. "Hata kiti kinakuchoka," mumewe humwambia, naye hucheka akiwa tayari yuko mlangoni.

Konkuru ya tatu aliiandaa miezi saba. Kila aliyeleta notisi za masomo ya sheria kwenye fotokopi aliombwa ruhusa, na nakala moja ikabaki kibandani. Vifungu vya Katiba alivibandika kwenye ukuta wa jikoni, juu ya jiko la makaa, mpaka mvuke wa ugali wa bukari ukavilegeza pembe. Asubuhi, kabla watoto hawajaamka, alitembea kando ya reli kwenda hadi Dimayi na kurudi, akijiuliza na kujijibu kwa sauti: mamlaka ya gavana yanaishia wapi, nani anasaini nini, nani anaweza kufuta sahihi hiyo. Mafundi wa reli walidhani anasali, wakawa wanampisha.

Siku ya mtihani watu zaidi ya mia sita waliketi kwenye madarasa ya shule moja, wakigombea nafasi kumi na mbili. Clémentine alimaliza wa kwanza. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini alipoweka karatasi yake mezani na kutoka, na wenzake wakainua vichwa kumtazama. Jioni hiyo alimsimulia Muteba habari za macho yale, mara tatu.

Basi ndiyo maana Ijumaa ile ya poda hakuna mtu Sobongo aliyeshangaa, isipokuwa mama yake. Mama Ntumba alikuwa akiishi nao, mwanamke mdogo wa mwili, asiyeongea sana. Alipanguza poda kwenye uso wa binti yake kwa ncha ya kikwembe chake cha kitenge, akasema, "Usiseme sana. Ungoje kwanza uketi pale."

Hakuwa akisema hivyo bure. Wao ni watu wa Kasai, na Kamina iko Katanga. Marehemu mumewe alikuwa karani wa reli hapa Kamina, na mwaka 1993, Clémentine akiwa na miaka minne, waliambiwa kwamba hapa si kwao, wakapandishwa treni pamoja na maelfu ya wengine. Baba alikufa Mwene-Ditu akiwa bado na funguo za ofisi yake mfukoni. Mama na mtoto walirudi Kamina miaka kumi na moja baadaye, kwa sababu ndiko mama alikokujua kuliko mahali pengine popote duniani. Tangu wakati huo Mama Ntumba hajaamini kiti chochote mpaka ameona mtu amekikalia.

Jumamosi na Jumapili Muteba alishona vazi la kitenge cha buluu. Jumatatu saa moja na nusu Clémentine alikuwa mbele ya ofisi ya serikali iliyohusika, ambayo sitaitaja, na dosie yake kifuani: diploma, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, picha nne. Kwenye benchi la nje alimkuta kijana mrefu aliyevaa koti la kuazima. Suruali yake ilikuwa na vumbi jekundu la barabara mpaka magotini, na nyuma ya masikio bado alikuwa na poda. Clémentine akamwonea huruma, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kupanguza.

Karani akatoka na orodha. Akaita wa kwanza, akaita wa pili. Alipofika wa saba, watu wawili wakasimama.

"Nani?" aliuliza karani.

"Ni minyi," alisema Clémentine.

"Ni minyi," alisema kijana wa koti.

Benchi zima likacheka. Karani hakucheka. Alichukua dosie zote mbili, akazifungua, akazifunga. Ya kwanza ilikuwa ya Nkongolo Kazadi Clémentine wa Kamina. Ya pili ilikuwa ya Nkongolo Kazadi Jephté wa Kabongo. Majina hayo mawili yako kwa Waluba wa Kasai na yako kwa Waluba wa Katanga, wala hakuna aliyeyaiba kwa mwenzake. Kosa lilikuwa la mtu aliyechapa orodha: alitaka ienee kwenye ukurasa mmoja, akaacha majina ya ubatizo yote.

"Nkongolo Kazadi iko mumoja hapa," alisema karani. "Mumoja arudi mu nyumba."

Hakuna aliyerudi.

Waliingizwa kwa katibu wa mtihani, Papa Kisimba, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwaeleza kwamba karatasi za mtihani ziko kwenye sanduku, sanduku lina kufuli, na ufunguo uko na mkuu wa kamati, ambaye amesafiri kikazi Malemba-Nkulu. Barabara ikikubali, atarudi Alhamisi.

"Na barabara ikikatala?" aliuliza Clémentine.

"Mama, barabara haiko mutoto wangu. Mukuje siku ya ine, Alhamisi."

Walitoka pamoja wakasimama kwenye jua. Kijana alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Kabongo, siku mbili njiani, kwa nauli ambayo kanisa lao lilimchangia. Hakuwa na ndugu Kamina. Clémentine alijua angepaswa kumwuliza atalala wapi. Hakumwuliza. Alisema, "Haya, majina," kama watu wa hapa wanavyomwita mwenye jina sawa na lao, akaondoka kwa hatua ndefu.

Muteba alipopewa habari, aliweka mkasi chini. "Muntu ana majina ya muke wangu, na atalala mu gare, mu stesheni? Iko wapi?" Akatoka, na baada ya saa moja akarudi na Jephté, mkoba wake na mfuko wa karanga. Wakamtandikia kwenye chumba cha cherehani.

Mama Ntumba alimsalimia mgeni vizuri, akamletea maji ya kunawa, kisha akamfuata binti yake jikoni.

"Unajua sasa nini itafanyika?"

"Batafungua sanduku, mama."

"Sanduku!" Mama alikuwa akisonga bukari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Ule iko mutoto wa hapa. Weye uko mutoto wa treni. Wende kwa Kabeya. Iko mukubwa mu ile biro ya serikali, na iko wa kwetu. Bale beko na batu babo, na siye tuko na wetu."

Clémentine aliondoa ukutani kifungu kimoja kilichokuwa kinaning'inia, akakisoma, akakirudisha.

Jumanne haikwisha. Alifungua kibanda, akakifunga, akakifungua. Alichapa barua akakosea tarehe, akaichapa tena akakosea jina. Wateja walimpongeza naye akajibu "wafwako, wafwako," yaani asante, bila kuwatazama, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kuwaambia kwamba kuna Nkongolo mwingine ambaye kwa wakati huo anasaidia kutia vifungo nyumbani kwake.

Kijana huyo hakuwa mtu wa kuchukiwa kirahisi, na hilo lilimuudhi zaidi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na tisa, mwenye mke na mtoto mchanga. Alizungumza polepole, kwa sauti ya Kiluba ndani ya Kiswahili chake, na kabla ya kujibu swali alilifikiria kwanza. Alimwita Clémentine yaya, yaani dada mkubwa.

Jumatano mchana walikuwa wanakula wote, bukari na sombe ya majani ya muhogo, na Muteba akawauliza mtihani wenyewe ulikuwaje. Wakaanza kulinganisha majibu. Swali la kwanza walijibu sawa. La pili Jephté alikosea, na Clémentine akahisi joto tamu tumboni. La tatu sawa. La nne Clémentine alijibu vizuri zaidi, kijana mwenyewe akakubali.

"Eyo, yaya, weye ulisoma," alisema Jephté. "Minyi, ile ya nyuma njo ilinisumbua. Ile ya mujane na shamba yake."

"Ya nyuma wapi?"

"Nyuma ya karatasi. Swali ya tano. Mujane analeta malalamiko kwa chifu, chifu anakatala kuandika. Weye mutumishi utafanya nini? Ilikuwa na pointi makumi tatu. Niliandika mpaka wakati ya kukusanya."

Clémentine aliweka tonge kwenye sahani.

"Eyo," alisema. "Ile."

Akainuka kwenda kuangalia kitu dirishani. Hakuna aliyeshangaa, ilikuwa kawaida yake. Lakini hakurudi kuketi. Alipita mlangoni, akafuata njia ya reli, akatembea katika jua la saa nane bila kitambaa kichwani. Dakika arobaini! Alitoka dakika arobaini kabla ya wote, kichwa juu, na upande wa pili wa karatasi ulikuwa umelala juu ya meza, mweupe, na mjane wa watu akingoja ndani yake. Alikumbuka yale macho yaliyomtazama akitoka. Sasa alielewa yalikuwa yanauliza nini.

Alifika Dimayi akageuka, akafika kwake akapita, akaenda tena. Kutembea hakukusaidia kitu. Alijaribu hesabu: labda yule alikosea mengine. Labda wasahihishaji walikuwa wapole. Labda sanduku limeliwa na mchwa. Aliporudi, Jephté alikuwa anamsomea Mama Ntumba Biblia ya Kiswahili, na mama alikuwa anamrekebisha matamshi.

Alhamisi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, alikuwa mbele ya lango la Kabeya. Miguu ilimleta, hivyo ndivyo alivyojiambia. Kabeya alitoka na mswaki mdomoni na taulo begani, akamtambua.

"Mutoto ya Ntumba! Nilisikia ile maneno ya majina mbili." Akatema povu pembeni. "Sema. Unataka tufanye nini?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye tayari. Neno moja tu lilihitajika, na Clémentine alikuwa nalo ulimini. Alimfikiria baba yake na zile funguo. Alimfikiria kijana aliyelala kati ya vitenge vya watu nyumbani kwake, ambaye alikaa kwenye karatasi yake mpaka dakika ya mwisho. Kilichomchoma zaidi ni kwamba, kama angekaa kwenye kiti kile kwa mkono wa Kabeya, yeye mwenyewe ndiye angekuwa ameandika habari ambayo watu wa mwaka ule wa treni walikuwa wakiisema juu yao: kwamba watu wa Kasai hupeana kazi wao kwa wao.

"Nilikuja kukusalimia tu, Papa," alisema. "Mama anakusalimia pia."

Kabeya alipangusa mdomo kwa taulo. "Haya. Umusalimie na yeye."

Saa nne sanduku lilifunguliwa. Mkuu wa kamati alikuwa amefika usiku, macho mekundu kwa safari, na hakutaka maneno mengi. Papa Kisimba alitoa karatasi mbili, akazilaza sambamba mezani, akasoma namba, akasoma majina yote matatu ya kila mmoja. Jephté: sabini na nne. Clémentine: hamsini na mbili. Wa mwisho kupita alikuwa na sitini na nane.

"Mama, ulifanya vizuri mbele," alisema Papa Kisimba taratibu. "Nyuma haukuandika kintu."

"Ninaweza kukamata karatasi yangu?"

Sheria haikuruhusu, lakini mzee alimpa. Clémentine alisoma karatasi yake akiwa amesimama, mstari kwa mstari, mwandiko wake wa haraka unaokimbilia kulia. Kisha akaigeuza. Alitazama ule upande mtupu muda mrefu kuliko aliotazama ule ulioandikwa. Katika konkuru mbili zilizotangulia hakuwahi kujua alianguka wapi. Sasa alijua, na kujua kuliuma kwa namna nyingine, kama jeraha lililooshwa.

Jephté alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono nyuma, hathubutu kutabasamu.

"Yaya..."

"Ingia, majina," alisema Clémentine. "Banangoja dosie yako."

Nyumbani Mama Ntumba alilia bila sauti. "Nilisema. Balikutosha inje tena."

"Hapana, mama. Hakuna muntu alinitosha." Akamfuta machozi kwa ncha ya kikwembe. "Sikugeuza karatasi."

Kusema hivyo kwa mama kulikuwa rahisi. Kwa mtaa kulikuwa kazi. Wanawake waliomwimbia walikuja kumpa pole mmoja mmoja, kila mmoja na mfano wa ndugu yake aliyeanguka mara tano. Jirani wa sukari alinunua kopo jipya la poda kwa ajili ya mtoto wake na hakulileta kibandani. Clémentine alichukua kisu, akakwangua Katiba yote kwenye ukuta wa jikoni. Kisha, kwa miezi miwili, hakukaa mahali pamoja. Alihamisha meza ya kibanda mara nne. Alianza kusuka nywele akaacha. Alipanda lori kwenda Kaniama kununua mahindi ya kuuza, akarudi na magunia matatu, mawili yakiwa na wadudu.

Muteba alivumilia, kisha mchana mmoja akasimamisha cherehani.

"Unakasirikia nani?"

"Minyi mwenyewe."

"Basi keti chini, umukasirikie vizuri."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, halafu kicheko kikageuka kilio, na Muteba akaendelea kushona, cherehani ikilia, ili mtaa usisikie.

Jephté alianza kazi. Alipewa meza, rejista na muhuri, lakini mshahara haukuja, kwa kuwa jina la mtumishi mpya lazima lifike kwanza Kinshasa na kurudi, na majina hayana haraka. Ulipita mwezi wa tatu, wa tano, wa nane. Alikuwa akija kibandani kuchapa barua za kuuliza habari za jina lake, kisha ikawa akija anakuta sahani imefunikwa. Mama Ntumba ndiye aliyeanza kuifunika. Alimwita "ule wa Kabongo" siku zote, lakini akichelewa alikuwa akitoka barabarani kuangalia. Clémentine alitegemea kwamba kumwona mshindi wake akila sombe yake bila mshahara kungemfurahisha kidogo. Haikumfurahisha hata kidogo, na hilo nalo lilimshangaza.

Mwezi wa kumi tangazo la konkuru mpya likatoka. Jephté alileta fomu.

"Sitaki," alisema Clémentine.

Kijana aliiacha chini ya stepla bila kubishana. Fomu ilikaa hapo siku sita, naye Clémentine akawachapia watu kumi na tisa dosie zao za konkuru hiyo hiyo. Siku ya sita, ikiwa imebaki saa moja ofisi ifunge, aliijaza kwa mkono mmoja akifunga kibanda kwa mkono mwingine, akapanda pikipiki akamwambia dereva asiogope mashimo.

Safari hii alisomea kibandani, mchana, na Jephté ndiye aliyeuliza maswali akiwa na kijiko mkononi. Hawakukubaliana mara nyingi. Yeye alitaka jibu lipite haraka, kijana alitaka lizunguke kwanza. Siku moja walibishana juu ya mjane na shamba lake mpaka wateja wakaingilia, kila mmoja akiwa na shangazi wa aina hiyo, na mzee mmoja akasema chifu afungwe, wakamaliza.

Mtihani ulifanyika wiki tano zilizopita. Watu walikuwa zaidi ya mia nane, nafasi tisa. Clémentine anasema aliandika kila mahali palipokuwa na nafasi nyeupe, hata palipoandikwa usiandike hapa, na sasa hofu yake ni hiyo. Jephté naye alipata mshahara wake wa kwanza juzi. Alimletea Mama Ntumba kikwembe, na mama akakipima kwa viganja kuona kama ni yadi sita kamili.

Matokeo bado. Kila asubuhi Clémentine hutembea kando ya reli, na mafundi humpisha. Wateja wakimwuliza orodha itatoka siku gani, huinuka, huangalia barabarani, hurudi.

"Minyi sijue," huwaambia. "Leta karatasi yako. Tutachapa mbili ao tatu?"